Istilahi za Upimaji wa Sotoka ya Mbuzi na Kondoo: Uhakiki

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zitumikazo nchini katika kupima magonjwa ya kuambukiza ya mifugo yaletwayo na virusi. Ugonjwa tulioutwaa kuwa mfano ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Mahali tulipoutwaa ni Mkoa wa Mtwara, kuanzia uwanda wa juu wa Makonde katika wilaya za Newala na Tandahimba mpaka pwani ya Msimbati na mlango wa mto Ruvuma.

Mtwara haikuwahi kuhesabiwa miongoni mwa mikoa ya mifugo mingi. Ndorobo waliwazuia ng'ombe kuenea huko kwa miaka mingi, na wakazi wake wakashikamana na kilimo, korosho na uvuvi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mbuzi wachache wa nyumbani wana thamani kubwa. Hao ndio akiba ya nyumba siku ya ugonjwa, ya msiba au ya ada ya shule. Mtu mwenye mbuzi mia akipoteza watano hupata hasara. Mtu mwenye mbuzi watano akipoteza watano hubaki na kamba mkononi.

Huenda msomaji akauliza: mambo hayo yanaihusu nini lugha? Yanaihusu sana. Jibu la maabara halibaki maabara. Hutoka kituoni, likapita kwa bwana mifugo, likapita kwa mwenyekiti wa kijiji, likafika kwa mama mwenye mbuzi wawili chini ya mwembe. Safari yote hiyo jibu husafiri kwa Kiswahili. Istilahi ikiwa na ufa, maana huvuja njiani, na anayefikiwa na kilichosalia ndiye anayepaswa kuamua kama atamchinja mbuzi, atamuuza, atamtenga au atamwacha.

2. Kisa cha Newala na Tandahimba

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1942 huko Kodivaa, Afrika ya Magharibi. Tanzania iliithibitisha rasmi mwaka 2008 katika wilaya ya Ngorongoro, kaskazini ya nchi. Haukupita muda ila ugonjwa ulikuwa umekwisha fika kusini. Watafiti waliouchunguza mlipuko wa Newala na Tandahimba, ambao taarifa yao ilichapishwa mwaka 2012, walifuata nyayo zake hadi kwenye mbuzi walionunuliwa mwaka 2009 katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, wakapelekwa kijiji cha Likuna, zaidi ya kilomita 500 kutoka walikonunuliwa.

Mbuzi mwenye sotoka hupata homa, hutokwa na makamasi na tongo, hupata vidonda kinywani, hukohoa na kuhara. Wenye mimba huitoa. Dalili hizi ni za kutisha, lakini si zake peke yake. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo huleta homa, makamasi na kikohozi kikali. Watafiti tuliowataja walitafuta alama za maradhi yote mawili katika damu ya mifugo ile ile, wakazikuta za yote mawili.

Tofauti baina ya maradhi haya ni kubwa. Homa ya mapafu ya mbuzi huletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria, na dawa za kuua bakteria huweza kuitibu ikiwahiwa. Sotoka huletwa na kirusi, na kirusi hicho hakina dawa. Kinga yake ni chanjo, na chanjo haimfai tena mbuzi aliyekwisha ugua. Mfugaji asiyejua ni upi kati ya hayo mawili atanunua sindano zisizosaidia, au atakata tamaa ya mbuzi ambaye angepona. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; hawakusema kila wingu ni mvua. Wa kuamua ni kipimo. Basi na tutazame maneno ambayo kipimo hicho hunena.

3. Jina la ugonjwa

Tuanze na jina lenyewe. Sotoka ni jina la zamani la ugonjwa wa ng'ombe uliofagia mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Kirusi cha mbuzi ni ndugu wa karibu wa kirusi kile cha ng'ombe, na kwa upande wa elimu ya viumbe jina "sotoka ya mbuzi na kondoo" limetungwa kwa busara. Linaeleza udugu huo, na linatumia neno ambalo wafugaji walikuwa nalo tayari. Hatulipingi.

Hata hivyo, mwaka 2011 mashirika ya kimataifa yalitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa duniani. Tangu siku hiyo mtu aweza kusikia "sotoka imetokomezwa", na kesho yake akasikia "jihadharini na sotoka". Zote mbili ni kweli, na zikiwekwa pamoja zinapotosha. Hapa kosa si la istilahi, ni la wanaoifupisha. Istilahi ya maneno matano ikikatwa ikabaki neno moja, huwa istilahi nyingine. Tunashauri kwamba katika maandishi rasmi neno "sotoka" lisisimame peke yake kamwe: ama liwe sotoka ya ng'ombe, ambayo ni historia, ama liwe sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ingali kazi iliyo mbele yetu.

Kwa upande wa kuku, lugha ilifanya vizuri zaidi. "Mdondo" na "kideri" ni maneno mafupi, ya watu wenyewe, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Lakini uzuri huo una gharama yake: kuku wakifa wengi kwa siku chache, watu husema ni mdondo, hata kama hakuna aliyewapima na hata kama walikufa kwa homa ya matumbo. Jina lenye kushika haraka hutangulia kipimo. Mwandishi wa istilahi hana budi kukumbuka kwamba kuna jina la ugonjwa unaodhaniwa na kuna jina la ugonjwa uliothibitishwa, na kwamba maneno "inadhaniwa" na "imethibitishwa" si mapambo ya sentensi.

4. Kipimo na mizigo yake

Neno "kipimo" limebebeshwa mizigo mingi mno. Ni kifaa cha kupimia, ni kazi ya kupima, ni kiasi cha dawa, na mara nyingine ni damu yenyewe iliyochukuliwa ("wamepeleka vipimo Mtwara") au jibu lililorudi ("vipimo vimetoka"). Tena mnadani kupima ni kuweka juu ya mizani. Ukimwambia mnunuzi wa Pugu kwamba mbuzi hawa wamepimwa, atauliza wana kilo ngapi.

Lugha haikatazwi kuwa na neno lenye maana nyingi. Hiyo ni tabia ya lugha zote zilizo hai. Lakini istilahi imetengwa ili isifanye hivyo. Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunalo neno "sampuli" kwa damu au ute uliochukuliwa, "upimaji" kwa kazi, "kipimo" kwa njia itumikayo, na "jibu" kwa kinachorudi. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatumia.

Neno "amepimwa" lina upungufu wa namna nyingine: linaeleza tendo bila kueleza lililopatikana. Tuseme mbuzi anavushwa Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, au anapitishwa juu ya Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, na mkononi mwa mwenyewe kuna karatasi isemayo "amepimwa". Karatasi hiyo haijasema kitu. Amepimwa nini, kwa kipimo gani, lini, na kimekutwa nini? Wamakonde wa ng'ambo zote mbili husikilizana kwa lugha yao, lakini ng'ambo ya pili karatasi za serikali ni za Kireno. Neno lisilo na maana kamili kwa Kiswahili halitapata maana kwa kutafsiriwa.

5. Kilichokutwa ni nini?

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu.

Yapo makundi mawili ya vipimo vya sotoka ya mbuzi na kondoo. Kundi la kwanza hutafuta kirusi chenyewe, au vinasaba vyake, katika tongo, makamasi na ute wa kinywani. Kundi la pili hutafuta kingamwili katika damu, yaani askari ambao mwili umewaunda dhidi ya kirusi hicho. Kirusi huonekana mapema, mbuzi anapoanza kuugua. Kingamwili huonekana baadaye, yapata juma moja au mawili tangu maambukizo, na hudumu muda mrefu baada ya kirusi kutoweka. Tena kingamwili hizo hizo hupatikana kwa mbuzi aliyechanjwa, na kwa mwanambuzi aliyezipata katika dang'a la mama yake. Kwa chanjo zilizozoeleka, kipimo cha kingamwili hakiwezi kutambua nani aliugua na nani alichomwa sindano.

Basi fikiri juu ya mbuzi wawili. Wa kwanza amepimwa damu, zikakutwa kingamwili. Wa pili amepimwa damu, hazikukutwa. Kwa lugha iliyozoeleka, wa kwanza "amekutwa nao" na wa pili "yu safi". Lakini yaelekea kabisa kwamba wa kwanza ameugua akapona, au amechanjwa. Sotoka haimtishi tena wala yeye hamwambukizi mwenziwe. Wa pili aweza kuwa ameambukizwa siku tatu zilizopita, mwili wake haujaunda askari, na kesho atasambaza kirusi zizini. Mfugaji aliyeambiwa "amekutwa nao" atamuuza haraka aliye na kinga na kumbakiza aliye hatarini. Atakuwa amefuata neno, na neno limempoteza.

Mazoea haya yametoka wapi? Kwa maoni yetu, umma wa Tanzania ulijifunza lugha ya upimaji kutokana na UKIMWI, tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa kirusi kile, mtu mzima aliyekutwa na kingamwili huhesabiwa kuwa anacho kirusi, kwa kuwa mwili haukiondoi. Alama na ugonjwa vikawa kitu kimoja, na lugha ikavifunga pamoja: "amepima", "amekutwa navyo". Lugha hiyo ilifaa pale na ilifanya kazi kubwa. Ilipohamishiwa kwa mbuzi wa Tandahimba ikageuka, kwa sababu kwa sotoka ya mbuzi alama katika damu mara nyingi ni habari ya vita vilivyokwisha. Istilahi haihamishwi kutoka ugonjwa mmoja kwenda mwingine kama kigoda kutoka ukumbi kwenda uani.

Si kwamba Kiswahili kimeshindwa kuyapokea mambo haya. Neno "virusi" lilipoingia, wasemaji waliona kiambishi "vi-" mwanzoni mwake, wakazalisha "kirusi", na neno likawa lao. "Kingamwili" limeundwa kwa maneno mawili ambayo kila mtoto anayajua. Zana tunazo. Lililobaki ni kutaja, kila tunapotoa jibu, ni kitu gani kilichokutwa.

6. Chanya na hasi

Maneno "chanya" na "hasi" yametoka katika hesabu, na huko yanakaa vizuri. Lakini katika mazungumzo ya kila siku "chanya" imekwisha pata maana ya jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mfugaji akiambiwa mbuzi wake ni chanya, ana haki ya kushukuru. Zaidi ya hayo, maneno haya mawili humsifu au kumlaumu mbuzi, ilhali si sifa za mbuzi bali ni sifa za jibu.

Tunashauri yabaki katika daftari za maabara, ambamo kila msomaji anajua maana yake. Katika barua, matangazo na mikutano ya vijiji, jibu litolewe kwa kitenzi na jina la kitu: "kirusi kimeonekana", "kirusi hakikuonekana", "ana kingamwili", "hana kingamwili". Sentensi hizi si ndefu kuliko zile, na haziachi nafasi ya kubahatisha.

7. Makosa mawili ya kipimo

Hakuna kipimo kisichokosea. Hilo wataalamu wanalijua, lakini lugha yao kwa umma ina neno moja tu, "usahihi", na neno moja haliwezi kueleza makosa mawili yaliyo kinyume.

Kosa la kwanza ni kumwacha aliye nacho. Kosa la pili ni kumnyoshea kidole asiye nacho. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Wapo mbuzi 1,000, na kati yao 20 wanacho kirusi. Kipimo kinawanasa 19 katika hao 20. Katika kila mbuzi 100 wasio nacho, kinawataja 5 kimakosa. Wasio nacho ni 980, kwa hiyo watakaotajwa bure ni 49. Jumla ya waliotajwa ni 68, na 49 kati yao hawana kitu. Kipimo hicho mtu aweza kukiita "sahihi" bila kusema uongo, na bado wengi wa waliotajwa wakawa wamesingiziwa. Kadiri ugonjwa unavyozidi kuwa haba, ndivyo wanaotajwa bure wanavyozidi kuwa wengi miongoni mwa waliotajwa. Haya si ya kupuuzwa, kwa kuwa shabaha ya kampeni yoyote ni kuufanya ugonjwa uwe haba.

Wapo watumiao neno "unyeti" kwa uwezo wa kunasa. Hatulioni kuwa linafaa. "Nyeti" imekwisha jishikiza kwenye sehemu za siri na mambo ya siri ya serikali, na mkutanoni neno hilo litaamsha kicheko kabla ya maana. Tunapendekeza "unasaji" kwa uwezo wa kumpata aliye nacho, na "upambanuzi" kwa uwezo wa kumwacha asiye nacho. Wavuvi wa Msimbati hawatahitaji kamusi. Wavu wenye matundu madogo hunasa kila kitu, hata usichokitaka. Wenye matundu makubwa hupambanua, lakini huwaacha wengine wapite. Kwa makosa yenyewe tunapendekeza "jibu la kusingizia" na "jibu la kupitiwa". Maneno haya yana dosari ya kukifanya kipimo kama mtu, lakini yana sifa ya kukumbukwa.

Wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020, mabishano juu ya vipimo yalijaa kila mahali, na mara nyingi pande zote mbili zilikuwa na machaguo mawili tu: kipimo ni cha kweli au ni cha uongo. Watu wasio na maneno ya kueleza kwamba kipimo chaweza kukosea kwa kiasi kinachojulikana, na bado kikafaa, hulazimika ama kukiamini chote au kukikataa chote.

8. Kudhibiti, kutokomeza na "kuwa huru"

Mwaka 2015, katika mkutano wa Abidjan, mataifa yaliafikiana juu ya mkakati wa kuitokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo duniani ifikapo mwaka 2030. Hapo vitenzi viwili hutumika kana kwamba ni kimoja. Kudhibiti ni kuupunguza ugonjwa na kuushika usienee. Kutokomeza ni kuumaliza usibaki. Anayedhibiti aweza kuchanja kila mwaka bila kikomo. Anayetokomeza hufika siku ambayo ni lazima aache kuchanja, kwa sababu maadamu chanjo inaendelea, kingamwili za sindano zitazifunika kingamwili za ugonjwa, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ugonjwa umekwisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa sotoka ya ng'ombe: nchi ziliacha chanjo, kisha zikapima. Mfugaji atakayeambiwa siku hiyo kwamba chanjo imesimamishwa atadhani ametupwa, isipokuwa lugha imemwandaa mapema.

Nchi iliyofika hapo mara nyingine huitwa nchi "iliyo huru na ugonjwa". Huo ni Uhuru wa kuazima. Kiswahili husema nchi "isiyo na" ugonjwa, nayo yatosha.

9. Mapendekezo

Tunayaleta mapendekezo haya mbele ya Baraza na wasomaji ili yajadiliwe:

(a) Sampuli: damu, ute au kitu kingine kilichochukuliwa kwa mnyama ili kipimwe.
(b) Kipimo: njia itumikayo kutafuta kitu kilichotajwa ndani ya sampuli.
(c) Jibu: kile ambacho kipimo kimeonyesha, pamoja na tarehe ya sampuli.
(d) Kipimo cha kirusi: kitafutacho kirusi chenyewe au vinasaba vyake.
(e) Kipimo cha kingamwili: kitafutacho kinga iliyoundwa na mwili, iwe kwa ugonjwa au kwa chanjo.
(f) Unasaji: uwezo wa kipimo kuwapata walio na kitu kinachotafutwa.
(g) Upambanuzi: uwezo wa kipimo kuwaacha wasio nacho.
(h) Jibu la kusingizia: limtajalo asiye nacho.
(i) Jibu la kupitiwa: limwachalo aliye nacho.

Neno "karantini" hatuligusi. Limekwisha zoeleka, lina maana moja, na wafugaji wanalijua kwa uchungu wake.

10. Hitimisho

Mkoa wa Mtwara una kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na wataalamu wake wanajua vyema tofauti ya kirusi na kingamwili. Mgogoro hauko katika chupa za maabara. Uko katika sentensi itokayo nayo mlangoni. Istilahi (d) na (e) ndizo tunazoziona kuwa za haraka kuliko zote, na zinaweza kuanza kutumika bila kungoja kikao chochote, maana hazina neno jipya hata moja. Zilizobaki zaweza kujaribiwa kwanza katika mikutano ya vijiji vya Newala, Tandahimba na pwani ya Ruvuma, kisha zikarudishwa kwa wataalamu pamoja na maoni ya wafugaji. Kama mama mwenye mbuzi wawili ataweza kumweleza jirani yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni nini kilichoonekana katika damu ya mbuzi wake na kwa nini hapaswi kumuuza, istilahi hizo zitakuwa zimefaulu mtihani wao. Asipoweza, tuzitupe, tutafute nyingine.